Ng'ombe Tuliyemla Kabla ya Kumzika

Mwaka jana kijiji chetu kilijenga ghala la pamba, wakataka liitwe kwa jina la rafiki yangu marehemu. Wakaja kwangu watu watatu, maana mimi ndiye mwenye kalamu.

"Katibu, tuandikie wasifu wake. Ukurasa mmoja tu. Shule, uongozi, mazuri yake."

"Na ng'ombe je?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Aa, bwana, ya ng'ombe yaache. Kuna wageni wanatoka Bariadi."

Nikawaandikia ukurasa wao. Ulisomwa, ukapigiwa makofi hadi mabati yakataka kung'oka. Huu hapa ni ukurasa wa pili.

Tulianza shule pamoja, dawati moja, huku upande wa Mwamapalala. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo ndefu kiasi kwamba akiinyanyua huku, mtoto wa Maswa analia. Rafiki yangu alikuwa kiranja wa usafi, na alikagua kucha kama anayetafuta dhahabu. Mimi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alinirudisha nyumbani mara nyingi hata mbuzi wa baba wakaacha kushtuka wakiniona saa tatu asubuhi.

Darasa la saba tulifeli wote wawili, yeye kwa bahati mbaya, mimi kwa heshima zote. Miaka ikapita, tukaoa. Yeye akachaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, kile cha wakulima wa pamba. Aliposikia kuna masomo ya jioni Bariadi mjini, akaja kwangu akisukuma baiskeli yake.

"Nenda wewe. Mimi nafasi sina. Mmoja wetu akisoma, tumesoma."

Miaka minne nilipanda baiskeli ile, nikala vumbi la kufyatulia matofali ya kanisa zima. Nikarudi na cheti cha kidato cha nne, pamoja na mwandiko ambao, nisijisifu, ungeweza kutundikwa ukutani badala ya kalenda. Kijiji kikanifanya katibu hata jasho halijakauka.

Enzi zile za chama, pamba ilichambuliwa nyumbani kwanza. Unaketi mkekani na familia yako, mnatenga: safi huku, na fifi kule, yaani ile yenye madoa na majani. Ukiifikisha kwenye mizani, mwenyekiti anazamisha mkono ndani ya furushi hadi kwapani. Akikuta fifi katikati ya safi, unarudi nayo nyumbani, hata uwe shemeji yake. Watu walimnung'unikia, ila walimchagua kila uchaguzi.

Halafu ikaingia biashara huria. Malori ya wanunuzi binafsi yakaja ya kila rangi, yakigombania pamba yetu, na hakuna aliyeuliza safi wala fifi. Furushi likipanda kwenye mizani, fedha iko mkononi. Chama kikabaki na mwenyekiti tu. Nani tena akae mkekani? Msimu mmoja haukuisha, tukagundua maji. Jioni unanyunyiza kwa kopo, asubuhi furushi limenenepa. Waliokuwa na haraka wakaongeza mchanga. Pamba yangu mimi ilikuwa nzito hivi kwamba punda alinitazama machoni kabla ya kukubali kuondoka.

Siku moja rafiki yangu alinikuta uani, kopo mkononi.

"Katibu, unamwagilia bustani?"

"Natuliza vumbi, mwenyekiti."

Hakucheka. "Mbegu unayopanda unaipata wapi?"

"Kiwandani."

"Na kiwanda kinaipata wapi?"

Nilijua, kila mkulima anajua. Kiwanda kinatoa nyuzi, mbegu inarudi kwetu tupande. Pamba iliyolowa ikirundikwa inachemka ndani kwa ndani, na mbegu inakufa humo.

"Unachemsha shamba lako la mwakani, bwana," akasema, akaenda zake.

Alisema hivyo hivyo kwenye mkutano wa kijiji, watu wakamzomea. Basi akafanya kitu ambacho hakikusameheka. Alikwenda kwa karani wa lori akamwambia, "Usipime kwanza. Ingiza mkono." Hakutaja jina la mtu, hata langu. Karani akaingiza mkono, ukatoka na tope. Lori likawashwa, likaelekea Meatu, likatuacha tumekalia mafurushi yetu kama kuku juu ya mayai viza.

Wazee wa sungusungu wakaitisha kikao. Akasimama mmoja, mtu mzito wa sauti. "Huyu ametuuza. Apigwe mchenya."

Mchenya ndiyo faini yetu: ng'ombe mmoja, achinjwe, watu wale, yaishe. Asiyetoa anatengwa. Na kutengwa kwetu si maneno matupu. Husalimiwi, hupewi moto wala chumvi. Ukiugua hakuna wa kukubeba. Ukifa hakuna wa kukuchimbia.

Rafiki yangu akasimama. "Nitoe ng'ombe kwa kusema maji ni maji? Simtoi."

"Katibu," wakasema, "andika."

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama niseme kopo ni langu, tope ni letu sote. Badala yake nikafungua daftari nikaandika, tena kwa mwandiko ule ule nilioufuata Bariadi kwa baiskeli yake. Alikuwa ananitazama mkono. Nilipoweka nukta, akatoka.

Msimu uliofuata mbegu ikaja, tukapanda, tukangoja. Shamba langu lilikuwa ekari tatu. Miche iliyoota ningeweza kuipa kila mmoja jina na kuupeleka kubatizwa. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Na hakuna aliyesema, "Mwenyekiti alituambia." Mimi nilingoja mwingine aanze. Naamini kila mmoja alikuwa anangoja hivyo hivyo. Yeye alipita njiani asubuhi na jembe lake, akitusalimu kama kawaida, "Mwangaluka!" nasi tunageukia ng'ombe, tunawakagua kupe ambao hawapo.

Mvua zilipokaribia kwisha, akashikwa na homa. Nilikuwa nyuma ya ua wangu wa minyaa nilipomwona mkewe akisukuma baiskeli kuelekea hospitali ya Bariadi, mumewe amekaa nyuma, amefungwa kwa kanga asianguke, miguu inaburuza. Ilikuwa ile ile baiskeli. Kila kilima cha njia ile nakijua kwa magoti yangu. Nami ndiye mtu anayeweza kubeba gunia la mahindi huku anapiga mluzi. Sikutoka. Nilijiambia sheria ni sheria, na mimi ni katibu.

Hakufika mbali. Mke alimrudisha jioni kwa baiskeli ile ile, marehemu.

Asubuhi hakukusikika kilio cha jirani hata mmoja. Tulikaa kwa wazee, kila mtu anachora chini kwa kijiti. Ndipo akaja shemeji, mke wa marehemu, peke yake, ameshika kamba, nyuma yake ng'ombe wa kulimia.

Mzee yule wa sauti nzito akashusha sauti kama anayesema na mama yake. "Mayu, mumeo alikataa mwenyewe."

"Alikataa yeye. Mimi nataka kaburi."

"Alisema hana kosa."

"Nanyi semeni mnavyotaka. Ng'ombe huyu. Chimbeni."

Nilidhani mtu angemrudishia kamba. Hata mimi nilikuwa na mikono miwili. Ng'ombe akachinjwa. Tukala, maana ng'ombe asipoliwa, aliyetengwa hajarudi kwa watu wake. Mimi, ambaye kwenye harusi humaliza paja na kuulizia jingine, nilipewa kipande cha ubavu, nikatafuna kama kiatu, nikameza. Mafuta hayajakauka midomoni, kilio kikalipuka, watu wakagaagaa, "Mwenyekiti wetu! Nguzo yetu!" Majembe yakatokea kutoka kila nyumba. Walichimba kwa bidii ambayo ingefika upande wa pili wa dunia.

Daftari lilitakiwa lifungwe. Nilikuwa naandika "amelipa" shemeji aliposimama karibu yangu.

"Nisomee ulichoandika siku ile."

Nikasoma. Kosa: kukidhuru kijiji. Adhabu: kutengwa hadi atoe ng'ombe mmoja.

"Basi?"

"Basi, shemeji."

"Alirudi nyumbani akaniambia umeandika vizuri. Alikuwa anausifu sana mwandiko wako."

Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono. Ng'ombe aliyebaki hakuwa na wa kufungwa naye nira, akawa anasimama tu ukingoni mwa shamba.

Siku ya ghala walimketisha mbele, kwenye kiti cha kitambaa cheupe. Wengine tulipopiga makofi, mikono yake ilibaki mapajani. Wageni walipokwenda kula, akanijia, sasa mzee kama mimi.

"Ng'ombe hukumsoma."

"Walinikataza, shemeji."

"Hata kutengwa kwake walikuagiza, ukaandika. Sasa nakuagiza mimi. Mwandike."

Nimemwandika. Alikuwa mwekundu, pembe ya kulia imepinda kuelekea jicho, na alizoea kufungwa upande wa kushoto.