Revolveri mbili za Base ya Kamina, na kipimo yetu ya bukari

Bakubwa wa humu, jambo yenu. Minyi muzee wa Kamina, masomo niliachia katikati, na masomo nayo iliniachia. Mujukuu njo anaandika. Hii mambo niliiona na macho, mukitaka chekeni.

Wakati ya Babelge (Wabelgiji), Base yao ya waaskari ikingali mupya, nilienda kuomba kazi kwa Baba Ilunga, mushonaji wa ngozi.

Akasema: "Shona mufuko ya revolveri ya adjida, ule mukubwa wa waaskari. Akiipenda, kazi iko yako, na nyumba mu camp."

Nyumba njo nilitaka. Bibi yangu Ngoie alikuwa angali Kaniama kwa baba yake, na ule mukwe alikatala kumuachilia mupaka nipate nyumba.

Sasa, muntu mweusi hakukuwa na ruhusa ya kugusa bunduki ya muzungu. Baba Ilunga alikuwa na akili yake: tunapika bukari, ni ugali, nguvu, muzungu mwenyewe anakandamiza revolveri ndani, siye tunapima alama.

Adjida akakuja na lietena, mukubwa mwingine wa waaskari, rafiki yake.

Ya adjida ilikuwa kubwa, masasi sita, kile kingoma chenye kuzunguka kinene sawa mbuzi ya mimba. Rangi ilishatoka kwa ncha, mupini inangaa juu ya kushikwa-shikwa na mukono.

Ya lietena ndogo, masasi tano, inalala mu suruali hauioni.

Mudomo yangu haijuake kunyamaza. "Chef, ile sasi moya ya zaidi inakusaidia nini?"

"Inaniumiza kiuno," adjida akajibu.

Lietena akacheka. "Yangu nasahauka kama niko nayo. Lakini nikipiga, inaruka mu mukono sawa kuku."

Basi, adjida akakandamiza yake mu bukari, nami nikaiacha mupaka kesho yake, kwa jua. Ikakauka, ikakunjamana, alama ikapunguka. Miye napima tu, nashona, na furaha.

Siku ya kujaribu, adjida akasukuma kwa nguvu, kingoma kikakwama. Akavuta: mukaba ikapanda, suruali ikafuata. Baba Ilunga akaangalia chini. Minyi nikaona Ngoie anazeekea Kaniama.

Lietena akasema: "Lete." Akaingiza yake ya masasi tano. Ikaingia polepole, ikatoka muzuri.

"Huyu fundi alishona ya kwangu."

"Na ya kwangu?" adjida akauliza.

Baba Ilunga: "Patron, ya kwako ingali ku moto."

Tukapika ingine, nikapima ikingali na mvuke. Ya masasi sita ikaingia, kazi na nyumba nikapata. Ngoie akafika na treni.

Nilichojifunza: kama hawakuachilie ushike kitu, uliza mwenye kuibeba fasi gani inamuuma.

Wenye mulibebaka, semeni: tano ao sita? Minyi mupaka leo sijashika hata moya.