Sodo Iliyoelea ya Bi Mwanamize

Saa mbili asubuhi, maji yamemfika Bi Mwanamize binti Shaame kifuani, na sauti yake inasikika mpaka mwisho wa pwani ya Makoongwe.

"Puliza! Puliza mapovu! Hujaja kuno kunywa bahari!"

Mbele yake wanawake watano wameng'ang'ania kamba ya makumbi iliyofungwa kwenye miti miwili iliyokitwa majini. Wote wamevaa nguo nyeusi za kaniki. Mmoja, mama wa watoto sita, amefumba macho anasoma Ayatul Kursiy. Kila akifika katikati maji humwingia kinywani, akatema, akaanza tena mwanzo.

Bi Mwanamize ana umri wa miaka arobaini na anajulikana kisiwani kwa kazi mbili. Ya kwanza, inayomlisha, ni kushona magodoro na mito ya usufi. Godoro la watu wawili humpatia shilingi kumi, na baada ya mavuno ya karafuu hushona hata matano kwa mwezi. Miezi mingine hashoni hata mto wa mtoto.

Ya pili ni kufundisha wanawake kuogelea, na hiyo haina mshahara. Wanafunzi humletea nazi mbili kwa wiki, au mayai. Mmoja alimletea jogoo aliyekuwa akiwika saa nane mchana.

"Nkamchinja siku ya pili," anasema. "Mie wanafunzi wasiojua saa n'nao wa kutosha."

Kwa miaka mitatu na ushei amefundisha wanawake arobaini na mmoja. Kwa hesabu yake, ishirini na saba wanaweza kuogelea kutoka mti mmoja hadi wa pili, umbali wa hatua arobaini. Kuhusu waliobaki, anasema wanaelea kwa nia.

Mgeni anaweza kustaajabu. Kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote. Wanawake wake wanahitaji mwalimu wa kuogelea wa nini?

Jibu ni kwamba wasichana wa hapa huogelea tangu wangali wadogo, tena vizuri, mpaka siku wanapovunja ungo. Siku hiyo mtoto huambiwa mengi, na moja ni kwamba asiiguse bahari akiwa mwezini. Maji ya chumvi hupandisha damu kichwani, papa husikia harufu, na madema, mitego ya wavuvi, hurudi matupu. Sasa, hakuna msichana anayetaka pwani nzima ijue siku zake ni zipi. Akionekana majini wiki tatu na asionekane ya nne, watu watahesabu. Kwa hiyo huona afadhali aiache bahari moja kwa moja.

"Twaiacha na miaka kumi na mitatu," anasema Bi Mwanamize. "Tukifika thalathini twapita juu yake mtumbwini tumekumbatiana kama kuku wa kupelekwa sokoni."

Miaka minne iliyopita, mwaka 1957, mtumbwi uliokuwa ukirudi kutoka Mkoani, mji wa ng'ambo, ulipinduka hatua thelathini tu kutoka pwani hii. Ulikuwa na wanawake saba. Sita waliokolewa. Wa saba alikuwa Mwanawema, mdogo wake Bi Mwanamize, naye alizama mahali ambapo maji yakitoka watu hupita kwa miguu wakiokota chaza.

"Mdogo wangu kanishinda kuogelea tulipokuwa watoto. Kanishinda, nakwambia. Kisha kakaa miaka kumi na tisa hajatia mguu. Mwili ukasahau."

Jambo hilo lilimuuma, na linamuuma mpaka leo.

Mwanawema aliacha binti mmoja, Moza, ambaye sasa ana miaka kumi na saba na analelewa na bibi yake, Bi Mwatima. Bi Mwatima ndiye mama mzazi wa Bi Mwanamize na marehemu. Na ndiye aliyemwambia Mwanawema, siku ile ya kuvunja ungo, kuwa bahari basi.

Matanga yalipokwisha, Bi Mwanamize alijifunza upya kuogelea mwenyewe, kisha akaanza kuwaita wenzake. Walikuja. Lakini kila mwezi walitoweka kwa zamu, huyu siku tano, yule saba, na wakirudi wamesahau kila kitu. Walimshauri awaache wapumzike siku zao, kwa kuwa si za kudumu. Hilo ndilo asilolikubali.

"Mtumbwi hauulizi," anasema. "Ukipinduka utauambia nini? Ngoja kwanza, niko mwezini? Mtu ajuaye kuogelea wiki tatu, wiki ya nne ni maiti."

Akaamua kutafuta njia. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge, naye alikuwa ameshayavulia mbele ya kisiwa kizima.

Jaribio la kwanza lilikuwa kitambaa cheupe cha marekani, kimekunjwa mara nne na kupigwa ubinda, yaani kupitishwa katikati ya mapaja na kuchomekwa kiunoni, kama wanawake wafanyavyo nyumbani. Mwanafunzi aliyejitolea ndiyo kwanza amekifunga, hata doa hakijapata, akaingia majini. Maji yakakilegeza. Kabla hajapiga mikono mara kumi, kitambaa kilikuwa kimeshachukuliwa na mkondo.

Kikaenda kumfikia Mzee Kificho, mvuvi, aliyekuwa akitega madema upande wa pili wa ncha ya kisiwa. Mzee Kificho aliona kitambaa kipya, safi, hakina mwenyewe. Akamshukuru Mungu, akakikamua, akakitupia begani.

Kwa siku tisa alionekana nacho akijifuta jasho barabarani na barazani, na Ijumaa ikamkuta nacho kwenye karamu ya harusi ya mpwa wake. Wanawake wote walijua. Hakuna aliyeweza kumwambia.

"Utamwambiaje mtu mzima?" anauliza Bi Mwanamize. "Na kila akijifuta uso, wanawake tunainama kama tumeangusha sindano. Mwisho mkewe kakitia motoni, kamwambia kimeliwa na panya."

Lakini anaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko fedheha yenyewe. Wiki ile Mzee Kificho alipata changu wengi mpaka akagawa kwa majirani. Tangu hapo, mtu akimwambia Bi Mwanamize kuwa wanawake wanaharibu madema, humjibu akamuulize Mzee Kificho.

Jaribio la pili lilitokana na kazi yake ya magodoro. Anajua usufi haunywi maji. Godoro likinyeshewa na mvua hukung'utwa tu. Nyumbani alikuwa na gunia zima. Akashona sodo ya usufi, nene, imara, mishono miwili kila upande kama mto wa bwana harusi, akampa Moza.

Moza aliingia majini kwa heshima zote. Akanyanyua miguu. Hapo usufi ukafanya kazi yake ya asili, ukaelea, na Moza akageuka: makalio juu, kichwa chini.

"Nikimshusha kuno anapanda kule," anasimulia mwalimu wake. "Nikamshika kichwa nkakitoa, miguu ikaniponyoka. Naye anapiga mateke mtoto wa watu, mfa maji haishi kutapatapa. Na wenzakwe pwani wamekaa kitako wanalia kwa kicheko, hakuna hata mmoja wa kunisaidia."

Moza alipotolewa alikuwa amekunywa maji ya kutosha kupikia wali wa harusi. Hakuonekana pwani mwezi mzima. Na sodo yenyewe ilikuwa na kasoro nyingine ambayo mshonaji anakiri kwa aibu.

"Kisichokunywa maji hakinywi na damu. Hilo sikulifikiri. Mtu mzima mie, na magodoro nashona kila siku!"

Jaribio la tatu ndilo linaloonekana leo. Ni kaniki ile ile ya bei nafuu ambayo wanawake wa shamba huvaa kwa kazi. Kipande kimoja hukunjwa mara mbili tu, kikapigwa ubinda na kukazwa kiunoni kwa mkanda. Juu yake huvaliwa suruali ya kaniki iliyobana magotini. Mwanafunzi haogelei zaidi ya robo saa. Bi Mwanamize amegundua kuwa mtu akiwa ndani ya maji damu hutulia, na akitoka huanza tena; kwa hiyo hatua chache kutoka majini amejenga kibanda cha makuti, chenye ndoo ya maji matamu na vitambaa vikavu.

"Ukitoka, usisimame kuamkiana na mtu. Kimbia!"

Lakini akili yote haiko katika ubinda. Iko katika amri yake kwamba kila mwanafunzi avae kaniki kila siku, awe mwezini au asiwe, awe mwari au ajuza, na kila atokaye majini akimbilie kibandani. Wote weusi, wote mbio. Hakuna awezaye kuhesabu siku za mtu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa na mkewe kama kuna ubaya. Akajibu kuwa hedhi inazuia sala na saumu, na hajasoma popote kuwa inazuia kuoga. Kisha, anasema mkewe, akaomba mazungumzo yabadilishwe.

Asubuhi hii, Alhamisi, si siku ya kawaida. Moza, mmoja wa wale watano, amepata kazi ya usaidizi katika zahanati moja ya Mkoani na anatakiwa Jumatatu. Atavuka kwa mtumbwi kwenda na kurudi. Bi Mwatima ameapa kuwa mjukuu wake hatapanda mtumbwi mpaka amwone kwa macho yake akiogelea kutoka mti hadi mti. Asipofika leo, hakuna Mkoani, na nafasi atapewa mwingine.

Na jana Moza aliingia mwezini, na siku zake hazitakuwa zimekwisha Jumatatu. Hakumwambia mtu, lakini analala chumba kimoja na bibi yake, na alfajiri hakuamka kusali.

"Tufanye siku nyengine," anasema Bi Mwatima, amesimama mchangani na bakora yake. Ana miaka sitini na mitano na sauti ya miaka ishirini. "Damu itampanda kichwani."

"Bibi, Jumatatu n'nakwenda kazini," anasema Moza.

"Kazi zipo nyingi."

"Zipo wapi, bibi?"

Bi Mwatima anamgeukia binti yake. "Mwanamize, huyu ndiye niliyeachiwa. Huyu tu. Mwengine sina."

Bi Mwanamize anatoka majini, anakuja mpaka mbele ya mama yake, maji yanamchuruzika. "Mama, na Jumatatu ya mwezi ujao? Na ya mwezi wa pili yakwe? Atavuka na siku zake. Leo mtumbwi haujapinduka, na mie nipo hapa. Mwache ajaribu leo."

Bi Mwatima anaketi juu ya jiwe, na wanawake wanaelewa kuwa hiyo ndiyo ruhusa. Mwandishi wa makala haya, aliyekubaliwa kuwapo kwa kuwa naye ni mwanamke, anapewa shuka na kuamriwa alishike mlangoni pa kibanda Moza anapokaza ubinda wake. Anaulizwa pia kama anajua kuogelea. Anasema kidogo, na hakuna anayemwamini.

Moza anaingia. Hatua kumi za kwanza anakwenda vizuri, mkono mbele ya mkono. Bi Mwanamize anatembea sambamba naye bila kumgusa. Hatua ishirini. Hata yule mama wa watoto sita ameacha kusoma.

Kwenye hatua ya ishirini na tano, Moza anasimama. Mikono haionekani. Kichwa kinazama.

"Moza!" Bi Mwatima amesharuka kutoka kwenye jiwe lake. Bakora huku, kiatu kule. Anaingia majini na buibui lake, magotini, mapajani, kiunoni, anayapiga maji kwa viganja vyote viwili kama anayafukuza. "Moza! Mwanawema! Moza!"

Kichwa kinaibuka. Moza amegeuka chali, mikono ameitandaza, anatazama mawingu.

"Napumzika, bibi!" anapiga kelele. "Mama mkubwa katufunza tukichoka tulale!"

Kisha anajigeuza na kumaliza hatua kumi na tano zilizobaki. Anaushika mti wa pili, na vigelegele vinapigwa mpaka wavuvi wa upande wa pili wanasimama kutazama. Moza mwenyewe hasubiri pongezi. Anatoka majini na kukimbia kibandani kama alivyofundishwa, na wanafunzi wengine wanne wanakimbia naye.

Bi Mwatima amebaki pale pale, maji kiunoni, buibui limetanda pembeni yake. Analia waziwazi. Tangu alipovunja ungo yeye mwenyewe, miaka zaidi ya hamsini, hajapata kuingia baharini.

"Mie nlimkataza mamakwe," anasema. "Nlidhani namhifadhi."

Bi Mwanamize anamshika mkono. Hamwambii kuwa si kosa lake, na hamwambii kuwa ni kosa lake. Anasimama naye tu.

Akiulizwa hapo anatarajia nini, Bi Mwanamize anasema anashona kaniki ndogo, za vipimo vya watoto. Ameshamaliza sita. Anataka kila msichana wa Makoongwe anayevunja ungo akabidhiwe moja siku hiyo hiyo, na aletwe pwani wiki hiyo hiyo, kabla mwili haujasahau. Akina mama tisa wameshampa ahadi. Wa kumi bado anafikiri.

Mama yake, ambaye mpaka sasa hajatoka majini, anavuta buibui lake lililoloa na kulikunja begani.

"Mie siku zangu zimekwisha miaka ishirini nzima," anasema. "Hata udhuru sina. Kesho maji yajaa saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro robo, mama."

"Basi msianze bila ya mie."