Siku Niliyoegesha Lori Mbele ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini lori lilinitegua mkono, na bado nikalipenda. Enzi hizo za Mwingereza gari halikuwashwa kwa ufunguo. Ulichomeka hendeli, chuma kilichopinda, mbele ya injini, ukazungusha kwa nguvu zako zote. Ukishika vibaya, linakurudishia kipigo.

Nilikuwa utingo, yaani mpakia mizigo, kwenye ghala moja la kahawa huku kwetu Mbozi. Dereva Mkuu, Mzee Simbeye, alinifunga kitambaa huku akicheka. "Limeshakusalimia hilo. Ukilikimbia leo, basi rudi kwenye jembe."

Sikukimbia! Miaka miwili niliitazama miguu yake zaidi kuliko uso wake. Gia za wakati ule hazikuingia kwa kubembelezwa. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndipo unapachika nyingine. Ukikosea, giaboksi inapiga yowe mpaka ng'ombe wa jirani wanainua vichwa. Jioni, uwanja ukiwa mtupu, aliniwekea magunia mawili nipitishe lori katikati kwa rivasi. "Kwenda mbele kila mtu anaweza," alisema. "Dereva utamjua akirudi nyuma."

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Bwana Meneja wa ghala akaniita ofisini.

"Msimu unaanza Jumatatu," akasema. "Ijumaa nenda Mbeya kwa Mkaguzi wa Magari. Ukirudi na leseni, lori ni lako. Ukirudi mikono mitupu, namleta dereva kutoka Iringa."

Jamani, wiki ile sikulala wala sikula vizuri!

Mbeya yenyewe leo mngeicheka, lakini kwangu zile barabara za maduka zilikuwa jiji zima. Mkaguzi, Mzungu mrefu mwenye daftari, aliketi kando yangu. Nilipanda kilima, nikasimama katikati, nikaondoka bila kuteleza nyuma hata shubiri. Nilitamani kuimba! Ikabaki kuegesha tu. Akanyoosha kidole upande wa soko, kwenye nafasi iliyokuwa kati ya lori jingine na nguzo, mbele ya duka la vitambaa.

"Ingiza pale kwa rivasi. Mara moja tu."

Nikatazama kioo cha pembeni. Kwenye ukingo wa nafasi ile, juu ya furushi lake, ameketi mama mkwe wangu wa Ruanda, kijiji cha huku huku Mbozi, anangoja gari la kurudi nyumbani!

Vijana, hapa lazima mnielewe. Kwetu mume hakutani na mama wa mkewe. Ukimwona njiani unaacha njia, unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Kubatizwa tulibatizwa, lakini jambo hilo maji hayakuliosha. Kumpigia honi ni kumtukana. Sasa kumsogezea lori zima kwa kinyumenyume! Nikakanyaga breki katikati ya barabara, nikageuzia uso upande mwingine.

"Unangoja nini?" Mkaguzi akauliza.

"Kuna mtu pale, Bwana."

"Piga honi."

"Siwezi, Bwana."

Akafungua kalamu yake. "Nakupa dakika moja. Ikipita, naandika umeshindwa."

Nikaliona lori langu likiondoka na mtu wa Iringa. Lakini mama mkwe naye alikuwa ameshaniona. Aliinuka, akajifunika kichwa kwa nguo yake, akavuta furushi hadi barazani pa duka, akageukia ukuta. Kisha akamwambia fundi cherehani wa pale barazani, kwa sauti ya kusikika soko zima:

"Baba, liambie hilo gari liingie. Mimi naona gari tu, mtu simwoni. Bado hatua nne!"

"Anasema hatua nne!" fundi akanipigia kelele.

Nikapachika rivasi.

"Liambie mbili. Likunje kidogo huku kwenye nguzo."

"Mbili! Kunja kwenye nguzo!"

"Basi hapo!"

Muda wote huo mama mkwe alikuwa ameuelekea ukuta. Mpaka leo sijui aliona kwa jicho gani. Mkaguzi alishuka, akazunguka gari, akapima kwa kiatu chake, akasaini. Nilirudi Mbozi nikiimba njia nzima, na Jumatatu nikapakia kahawa kwenye lori langu!

Niliendesha malori mpaka uzee: Tunduma, Msangano, milima ya Itumba. Miaka yote hiyo sikusemezana naye hata neno. Nilimpelekea sukari na kanga kwa mkono wa mke wangu, naye akapokea bila kuuliza ni za nini. Iliniuma, sitaficha. Shukrani ikikaa tumboni muda mrefu inakuwa mzigo.

Alifariki mwaka ule niliostaafu. Mwili wake niliuleta mwenyewe Ruanda kutoka hospitali, polepole, nikikwepa kila shimo. Wazee waliponiona wakanipisha. Nikarudi nyuma mara moja tu, hadi mlangoni pake, nikazima injini, nikazunguka na kusimama karibu na jeneza.

"Asante, mama," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.