Kaisho wanasubiri mke wa filamu ajibu

Saa tisa alasiri ya Jumapili, waliotoka kanisani wamejaza kibanda cha video cha Kaisho, wilayani Kyerwa. Kwenye televisheni, mwanamume wa suti anapiga magoti mbele ya mkewe. Mke anafungua mdomo ajibu.

Pulkeria Tumusiime (46) anazima televisheni.

"Mama Sharon, unatuua!"

"Kufeni taratibu, viti ni vya kukodi."

Kazi yake ni kutafsiri filamu kwa kipaza sauti. Kiingereza alikiokota Mbarara, Uganda, alikokuwa yaya. Kinapomwishia, anaongeza chumvi. Kiingilio ni shilingi 300, na siku nzuri haimpi zaidi ya 12,000.

Filamu hii ni ya wafanyabiashara wa hisa. Mchana kutwa wako kwenye simu wakinunua na kuuza vitu wasivyoviona, jioni wanadanganyana na wake zao. Alipoionyesha mara ya kwanza, mwezi uliopita, watu walipotea.

"Sasa huo mzigo uko wapi?" aliuliza bibi Kemilembe, mteja wa kiti cha mbele.

"Bibi, mzigo bado haujazaliwa. Ni butura tu, ila hii imevaa suti."

Kibanda kizima kikaelewa. Butura, huku Kyerwa na Karagwe, ni kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida haisubiri mavuno. Ni marufuku. Kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuifanya.

Basi filamu ikafika pale mwanamume wa suti anapoweka nyumba rehani kwa siri. Pulkeria akatia chumvi: "Jamani, ameuza maua ya mkewe! Mwenzake analala anaota mavuno, kumbe shamba lina mwenyewe!"

Nyuma akasimama mtu. Elpidius, mume wake.

"Mama Sharon, nani kakuambia?"

Vichwa vyote, anasema Kemilembe, viligeuka nyuma.

"Mimi nilikuwa natafsiri filamu," anasema Pulkeria, mkono kifuani hadi leo. "Kumbe natafsiri nyumba yangu! Kipaza sauti kilinidondoka. Mibuni ile nimeipalilia mwenyewe, ndiyo ada ya Sharon chuo cha uuguzi."

Elpidius alikuwa ameuza maua ya mibuni hiyo ili anunue pikipiki. "Nilijua ananisema mimi," anasema, macho chini. "Ningekaa tu, angeendelea na Wazungu wake."

Aliyenunua maua, Projest, alikuwa safu ya pili, hakosi filamu. Pulkeria akaokota kipaza sauti na kutangaza: mwisho hautafsiriwi mpaka kahawa yake irudi.

Pikipiki imeshauzwa na fedha zipo. Anayekataa kuzipokea ni Projest, maana bei ya kahawa imepanda. Tangu hapo amekosa raha.

"Kila ninapopita naulizwa, 'Yule mke kajibu nini?'" analalamika. "Hata mke wangu ameninunia. Naye anataka mwisho!"

Leo, televisheni ikiwa imezimwa, Projest anainuka polepole. "Mama Sharon, nikipokea hela, unatafsiri?"

"Sasa hivi."

Anaguna, anakuna kichwa, kisha ananyoosha mkono kwa Elpidius na kupokea hela. Kibanda kinalipuka kwa vigelegele.

Pulkeria anamvuta mumewe hadi kiti cha mbele, kando ya Kemilembe. Mwisho huo hata yeye hajauona. Aliapa kuutazama siku kahawa itakaporudi.

"Na yule mke akikataa kumsamehe mumewe?" anaulizwa.

Anamtazama Elpidius, kisha anawasha televisheni.

"Chumvi ninayo."