Sweta ya Kompyuta

Nayasema mwenyewe, maana soko zima limeshayajua. Mjukuu wangu Njoki alinunua kompyuta kuukuu ili afungue duka la kuchapa barua hapa Kenyatta Market. Fundi Mutua akaja kuiwekea programu ya Windows upya. Akishaianzisha anaenda kunywa chai, kwa sababu kazi yenyewe huchukua saa nzima. Akirudi, mashine imezima katikati. Mara tatu!

Mimi, shosho yake, shule niliiachia darasa la tatu, lakini mdomo wangu una digrii. Nilisimama mlangoni nikaita kina mama wa saluni: "Njooni mwone fundi bandia! Atawaharibia na zenu!" Mama Kevo, aliyekuwa amempa kazi ya kesho, akamwambia papo hapo, "Basi kwangu usije."

Mutua akaianzisha tena. Safari ya nne hakwenda chai. Mashine ilipoanza kunguruma, nikainama chini ya meza, lilipo sanduku lake, kama kawaida yangu.

"Shosho, unafanya nini huko?"

"Naivalisha. Inapigwa na upepo hapa nyuma, itashikwa na homa."

Mutua alivuta ile sweta yangu nene, nyekundu, niliyoifuma kwa mikono yangu na kuitia vifungo. Akaligusa sanduku, akaurudisha mkono mbio.

"Hii bado ni moto kama jiko! Huo upepo wa feni yake ndio unaipoza, shosho. Ukiuziba, inazima."

Kina mama walikuwa bado mlangoni. Mama Kevo akaniuliza kwa upole kabisa, "Shosho, huyo fundi bandia ulisema ni yupi?"