Macho ya Dada

Juzi nilimpeleka mwanangu hospitali, hapa Kibaha. Tangu mwezi wa Ramadhani anapepesa macho ovyo, na bega linamruka lenyewe hata akiwa anakula. Daktari, binti mdogo kabisa, alimtazama, akatabasamu. Akasema ni mishtuko ya misuli tu, watoto wengi huiacha wakikua, na ni jambo la kawaida mno, hakuna shule isiyo na watoto wa namna hiyo. Ungedhani nilirudi nyumbani nikishangilia, ndugu yangu. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia, maana nilimkumbuka dada.

Tulilelewa na bibi, kule Maneromango. Asubuhi tulimenya mihogo, jioni tulichoma korosho kwenye bati kuukuu, moshi ukitukereketa koo, na mikono ikibaki myeusi wiki nzima kwa mafuta ya maganda. Utamu wa korosho ya moto huujui mpaka ikuunguze. Dada alikuwa na miaka tisa alipoanza kupepesa macho na kutoa mlio kooni, kama kuku aliyepaliwa na punje.

Bibi alimpeleka kwa shehe, akaandikiwa kombe. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, dada akanywa siku saba. Hali ikawa ile ile. Kilichomponza ni kwamba aliweza kujizuia. Bibi akimkazia macho, alitulia tuli, bibi akigeuka tu, yote yanamtoka kwa mkupuo. Bibi akakata shauri kwamba anayeweza kuacha anafanya makusudi. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema. Shuleni mwalimu alidhani anamkonyeza, darasa zima likacheka, naye akachapwa.

Basi nikapewa kazi ya kumfinya kila akianza. Nilikuwa na miaka saba na nilijiona askari. Nilimfinya kwelikweli. Hakunisema kwa bibi hata siku moja. Ila siku moja aliniambia, "Nikiizuia inanijaa kifuani. Usinifinye hapo hapo kila siku, mdogo wangu. Badilisha mkono."

Nikabadilisha mkono.

Mwaka ule ule aligoma kwenda shule, akabaki nyumbani na korosho na jiko. Macho yalikuja kutulia yenyewe alipokuwa mkubwa, lakini darasa lilikuwa limeshampita.

Bibi hayupo, Mungu amrehemu. Mikorosho imekatwa, pale pamejengwa nyumba za watu nisiowajua. Ningependa kumlaumu mtu, lakini bibi alitupenda, na hakuna aliyejua. Nalia tu, kilio kisicho na pa kwenda.

Jioni ile nilimpigia dada simu. Anaishi Kisarawe, anauza mananasi karibu na stendi. Nikamweleza yote aliyoyasema daktari, kwamba ni jambo la kawaida, kwamba watoto wa hivyo wamejaa kila mahali.

"Kumbe tulikuwa wengi," akasema. "Sasa mbona mimi nilikuwa peke yangu?"