Mama Aliyeachwa Ufukweni

Wiki iliyopita, nikiwa sokoni Ujiji, niliambiwa kwamba yule mama muuza mikate amefariki. "Alijilaza mchana, hakuamka," jirani yake alinieleza. Msomaji wangu wa siku nyingi anajua kwamba sina mazoea ya kutaja watu majina, na leo nina sababu zaidi, maana naandika nikiwa na hasira. Nilikwenda msibani. Kiongozi wa kikundi cha Wayahudi wachache tulio nao mjini alisimama, kofia yake ndogo kichwani, akasema, "Tumeondokewa na mama yetu. Bila yeye pasingekuwa na sinagogi hapa Kigoma." Hapo mume wa marehemu, fundi wa injini za boti na Mwislamu wa swala tano, aliinuka kwenye mkeka akaenda nyuma ya nyumba. Waombolezaji walidhani amezidiwa na majonzi. Mimi nilijua kilichomwinua.

Marehemu alizaliwa na wazazi waliotoka Kongo. Ujana wake aliumalizia Bujumbura, akimpikia mjane mmoja wa Kiyahudi, na kwa mjane huyo ndiko alikojifunza Shabati, yaani Sabato ya Kiyahudi, sala na miiko ya vyakula. Alipoolewa Ujiji alikuja na imani hiyo, na mumewe hakumzuia. Kila Ijumaa akitoka msikitini, mzee yule alipitia mwaloni, kwenye soko la samaki, kumchagulia mgebuka au kuhe, kwa kuwa mkewe hakula samaki asiye na magamba. Sebule yao ndiyo iliyokuwa sinagogi ya kwanza. Walianza kuja watu waliokuwa wakiisoma Torati peke yao bila mwalimu, naye akawafundisha sala na kuwaokea ile mikate ya kusuka ya Shabati. Ziko sala ambazo hazisaliwi mpaka wapatikane watu wazima kumi, na kwa miaka yote ile ya uhaba wa watu yeye alikuwa mmoja wa hao kumi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mmoja aliyefiwa na wazazi. Alimlaza kwake, akamlisha, akamwita mwanangu. Kijana huyo ndiye kiongozi wa leo.

Kisha wakaja marabi kutoka ng'ambo, mmoja wao mwanamke, ili kuwaingiza wanakikundi rasmi katika Uyahudi. Hatua ya mwisho ni kuzama mwili mzima katika maji ya asili, na maji hayo sisi tunayo ziwani. Nilialikwa kutafsiri. Asubuhi ile mume wa mama aliwapeleka wote kwa boti hadi ufukwe mtulivu, upande wa kwenda Mwamgongo. Mama alikuwa ameshajifunga khanga ya kuingilia majini pale kiongozi alipomsogelea.

"Mama, wewe subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Nyumba ya Kiyahudi inatakiwa iwe ya imani moja. Mzee bado ni Mwislamu."

"Kwa hiyo nimwache?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Basi umesema nini, mwanangu?"

Kiongozi akarudi kwa wenzake. Rabi mwanamke alimwona mama amesimama pembeni, akaniomba nimuulize kwa nini ameghairi. Nikauliza. Mama alinitazama kana kwamba nimekosea kutafsiri. "Mimi? Mwambie sijaghairi kitu." Rabi akamgeukia kiongozi, naye akakiri kwamba ndiye aliyewaambia wageni, tangu jana yake, kuwa mama amejitoa kwa hiari. "Nilitaka kurahisisha mambo," alisema. Rabi alisikitika waziwazi. Alieleza kwamba suala la ndoa lina uzito, linahitaji kuzungumzwa na mke na mume kwa utulivu, na kwamba watalizungumza watakaporudi. Hawakurudi akiwa hai. Siku ile wanafunzi wake waliingia ziwani mmoja baada ya mwingine, naye akawapokea kwa taulo walipotoka.

Hakuacha kwenda sinagogi, ambayo wakati huo ilikuwa imeshahama sebuleni kwake. Aliketi nyuma na mikate yake mapajani. Shabati moja, alinisimulia mwenyewe, sala ilikwama. Watu walikuwa wakichungulia barabarani, na yeye akauliza kulikoni. "Tunamngoja mtu wa kumi," akajibiwa. Akatazama huku na huku, akahesabu, akajikuta yeye ndiye wa kumi. Akawaambia, "Mimi si nipo?" Wakaendelea kuchungulia barabarani; asiyezama ziwani hakuhesabiwa tena. Akaiweka mikate juu ya benchi, akaenda zake, na tangu siku hiyo alisali nyumbani.

Msibani nilimfuata mzee nyuma ya nyumba. "Kijana yule alikula kwangu," aliniambia. "Mke wangu sikumwambia hata siku moja abadili dini. Halafu mimi ndiye nikafanywa sababu ya kumfukuza." Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda hajui anampiga nani. Yule alijua.

Sibishani na sheria ya dini ya watu. Kila nyumba ya ibada ina mlango wake, na mwenye nyumba ana haki ya kuulinda. Ninachogombana nacho ni ule uongo wa "amejitoa mwenyewe", kwa sababu nimeusikia pia makanisani, misikitini na kwenye vyama vyetu vya ushirika. Hapa Ujiji kuna nyumba ambamo kaka anafunga Ramadhani na dada anaimba kwaya, na chakula ni kimoja. Tulijua kuishi hivyo kabla hatujaanza kutafuta kukubaliwa na watu wa mbali. Anayetafuta kukubaliwa mbali huanza kwa kumwonea haya aliye karibu, naye huwa ndiye aliyemlea. Tukishaingia ndani, tumtazame kwanza aliyetufungulia, tuone kama naye ameingia. Akiwa bado nje, tumwambie ukweli akiwa hai na masikio yake yanasikia. Sifa za msibani hazimfikii.